Kabla hujaitukana kampuni ya intaneti, zima maikrowevu kwanza

fundi_waya (Kampala)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wote wanaolipia intaneti nzuri nyumbani na bado simu ya video inakatakata. Kazi yangu ni kufunga mitandao ya majumbani, hasa kwenye fleti za Kyanja, Najjera na Naalya, na malalamiko ninayokutana nayo yanafanana: "Hawa watu ni wezi, nalipa kila mwezi na hakuna kitu." Kuna siku kweli kampuni ndiyo yenye kasoro, sikatai. Lakini mara nyingi nikichomeka laptopu kwa waya kwenye ruta, kasi iliyolipiwa ipo yote. Inapotelea hewani, kati ya ruta na simu, na anayeipoteza yumo humo humo ndani au yuko ng'ambo ya ukuta.

Tupime kwanza, maana bila kipimo tutabishana mpaka asubuhi. Kwenye laptopu ya Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ping 192.168.1.1 -t (kuna ruta zinazotumia 192.168.0.1, geuza ruta, imeandikwa chini). Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t. La kwanza linapima safari ya kutoka kwako hadi kwenye ruta na kurudi. La pili linakwenda mpaka kwenye seva za Google huko nje. Sasa kaa utazame. La kwanza likitulia kwenye milisekunde 2, 3, 5 huku la pili likirukaruka, wapigie kampuni, una haki yako. La kwanza lenyewe likipanda hadi 200 au 300, au likikosa jibu kabisa, kampuni usiiguse.

Kwa mwalimu mmoja wa Naalya anayefundisha mtandaoni nilikuta ruta juu ya friji na maikrowevu pembeni yake. Dirisha linaandika 3, 4, 3, 3. Binti akaingiza sahani ya matooke na mchuzi wa karanga, akabonyeza dakika mbili. Hapo hapo: 180, 412, hakuna jibu, 95, hakuna jibu. Mashine ilipolia "tii", ikarudi 4, 3, 3. Mwalimu akaniangalia, akaiangalia maikrowevu, akasema "Banange" (jamani!). Vipindi vyake vya mchana ndivyo vilivyokuwa vikikatika, na mchana ndipo nyumba nzima inapasha chakula.

Sababu yenyewe iko hivi. Wi-Fi nyingi za nyumbani zinatumia masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi ya redio) ya 2.4 GHz, na maikrowevu inapasha chakula kwa 2.45 GHz, palepale katikati. Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga vipande vya masafa kwa ajili ya mitambo ya viwandani, ya kisayansi na ya tiba, yaani mitambo inayotumia mawimbi kwa kazi kama kupasha joto. Mwaka 1985 ndipo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipovifungua kwa vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni, kwa sharti la kuvumilia kelele vitakazozikuta humo. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatoka 1997. Kwa hiyo tukisema maikrowevu inaiingilia Wi-Fi tunageuza kibao: Wi-Fi ndiyo mgeni aliyemkuta mwenyeji.

Na wenyeji wenyewe wana nguvu. Ndani ya maikrowevu ya kawaida kuna wati 700 hadi 1000. Ruta yako inarusha karibu wati 0.1. Simu iliyoko chumbani inapokea mawimbi ya ruta yakiwa yamefifia hadi kama sehemu moja ya bilioni ya wati, na inaelewa vizuri tu, alimradi pawe kimya. Kinachovuja mlangoni mwa maikrowevu ni kidogo sana kwa mwili wako, lakini kwa sikio la namna hiyo ni kelele za disko.

Jambo moja zaidi kisha niwaachie. Maikrowevu za kawaida haziungurumi mfululizo. Zinafuata mdundo wa umeme, na umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde: karibu milisekunde 10 inapiga kelele, karibu milisekunde 10 inanyamaza. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unapenya kwenye mwanya huo. Simu ya video haina mahali pa kupenya. Ndiyo maana mtu anakwambia "mtandao upo, meseji zinaingia, Zoom tu ndiyo mbovu."

Karibuni.

nnyabo_kisaasi

Ssebo, umenitisha. Kama inavuja mpaka inaua Wi-Fi, sisi tunaosimama mbele yake je? Yangu ni ya zamani, nimeikuta kwenye nyumba. Halafu kuna video inasema uweke simu ndani, ufunge mlango, upigiwe. Ikiita ujue inavuja.

fundi_waya

Nnyabo, usiogope. Marekani, kwa mfano, kikomo cha kuvuja ni miliwati 5 kwa kila sentimita mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine, na ukisogea hatua chache kinapungua sana. Cha kuangalia ni mlango: kama bawaba imelegea, mlango umepinda, au ile nyavu ya chuma kwenye kioo imetoboka, usiitumie.

Hilo jaribio la simu halina maana. Simu imeundwa kusikia mawimbi hafifu mno, kwa hiyo inaweza kuita hata ndani ya mashine nzima kabisa. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kufunga simu humo kisha mkono ukateleza kwenye kitufe cha kuwasha.

Kwako dawa ni rahisi: usiitupe maikrowevu, hamisha ruta. Itoe jikoni, ikae sebuleni juu ya kabati, mbali na jiko na isiwe nyuma ya TV.

kikoni_usiku

Mkuu, sisi hosteli ya Kikoni hatuna maikrowevu hata moja, tunapika kwa jiko la koili la umeme kwa kujificha. Lakini saa mbili usiku mpaka saa sita Wi-Fi ni marehemu. Asubuhi inaruka. Nimepakua programu ya kuangalia mitandao, imenionyesha 40 na ushee. Nikaona chaneli 3 haina watu, nikaihamishia ruta yetu huko (tumenunua yetu watu wanne). Imezidi kuwa mbaya.

fundi_waya

Hapo mdogo wangu umegusa penyewe, na kusema kweli hili linasumbua watu wengi Kampala kuliko maikrowevu.

2.4 GHz ina chaneli 13, yaani vijia vya kupitishia mawimbi. Ukisikia 13 unadhani ni vyumba 13. Chaneli zimepangwa kwa hatua ya MHz 5 tu, na kila mtandao unahitaji upana wa MHz 20, kwa hiyo chaneli 3 imekanyaga 1 na imekanyaga 6 kwa wakati mmoja. Zinazoweza kukaa bila kugusana ni tatu: 1, 6 na 11. Basi.

Sasa sikiliza, maana watu wengi hawaamini nikiwaambia. Kukaa chaneli moja na jirani ni afadhali kuliko kukaa nusu nusu. Ruta zikiwa zote kwenye 6 zinaelewana: kila moja inasikiliza kabla ya kusema, ikisikia mwenzake anaongea inangoja. Mnagawana muda, kasi inapungua, ila hakuna kinachoharibika. Ukijiweka 3, wale wa 1 na wa 6 hawaelewi unachosema na wewe huwaelewi. Mnapiga kelele juu ya kelele, ujumbe unaharibika, unatumwa tena, unaharibika tena.

Angalia pia kwenye mipangilio ya ruta palipoandikwa upana wa chaneli. Ikiwa 40 MHz, rudisha 20. Mitaa kama Kikoni kutumia 40 ni uchoyo usio na faida, unameza karibu nusu ya hewa yote ya 2.4 na unapokea kelele za wote.

Halafu hiyo mitandao 40, mingi si ruta za ukutani. Ni MiFi (vile vijiruta vya mfukoni vya laini ya simu) na hotspoti za simu. Kila aliyewasha hotspoti akaisahau mfukoni, simu yake inatangaza jina la mtandao mara kama kumi kwa sekunde hata kama hakuna anayeitumia. Waombeni wenzenu wazime.

kikoni_usiku

Nimerudisha 11 na 20 MHz. Bado jioni ni nzito lakini haikatiki, inasuasua tu. Chumba cha pili wana spika ya Bluetooth inayolia kutwa, hiyo nayo?

fundi_waya

Spika waisameheni, labda kwa muziki wenyewe. Bluetooth iko 2.4 GHz kweli, lakini aina inayopeleka muziki inaruka mara 1600 kwa sekunde ndani ya vijichaneli 79, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 inajifunza mahali penye Wi-Fi na kupakwepa. Spika ndiyo huwa inaonewa.

Ila kuna kisa kimoja cha kweli. Simu au laptopu ya bei nafuu mara nyingi ina antena moja kwa Wi-Fi ya 2.4 na Bluetooth. Ukivaa hedifoni za Bluetooth huku umeunganishwa 2.4, vitu viwili vinapokezana antena moja, na simu ya video inadhoofika. Vua hedifoni upime, au hamia 5 GHz, masafa ya pili ya Wi-Fi, kama ruta yako inayo.

ankole_sola

Habari kutoka Mbarara. Mimi nina orodha ya washukiwa, naomba hukumu: rimoti ya TV, rimoti ya geti, inveta ya sola, taa za LED za bei rahisi, redio ya mzee. Fundi wa huku aliniambia taa za LED ndizo zinazoua Wi-Fi, nikabadilisha nyumba nzima. Hakuna kilichobadilika.

fundi_waya

Wote wako huru. Rimoti ya kawaida ya TV inatumia mwanga usioonekana, haina hata mawimbi ya redio. Rimoti za geti nyingi ziko 433 MHz, mbali kabisa. Redio ya FM ni 88 hadi 108 MHz. Taa mbovu za LED na inveta zinapiga kelele, ndiyo, lakini kelele zao ziko kwenye masafa ya chini huko. Zinaharibu redio ya mzee, na yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika. Aliyekuuzia taa hizo mpya alifanya biashara tu.

mhariri_gulu

Nina kesi isiyo na maikrowevu wala majirani. Niko Gulu, kiwanja kikubwa, mtandao wangu uko peke yake. Nahariri video za harusi. Nikichomeka diski ya nje kwenye laptopu, Wi-Fi inashuka kutoka baa nne hadi moja. Nikiichomoa, inarudi. Nilidhani ni virusi.

fundi_waya

Diski hiyo ni ya USB 3, sivyo? Tundu lina ulimi wa buluu?

mhariri_gulu

Naam, buluu.

fundi_waya

Nilijua. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu diski haina antena, haina redio, hakuna anayeishuku. USB 3 inapitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na mpigo wa kasi hiyo kwenye waya unatoa kelele za redio zinazotapakaa mpaka zinafunika 2.4 GHz yote. Intel wenyewe walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Kelele ni ndogo na haifiki mbali, lakini diski yako iko sentimita chache kutoka kwenye antena ya laptopu, ambayo kwa kawaida iko ukingoni mwa kioo au karibu na bawaba.

Fanya hivi: tumia waya mrefu kidogo wenye kinga nzuri, isogeze diski mbali, jaribu tundu la upande wa pili. Au chomeka kwenye tundu la USB 2; itakuwa polepole lakini kelele inakwisha. Na kama ruta yako ina 5 GHz, hamia huko, kelele hii haikufuati.

Vile vipokezi vidogo vya mausi na kibodi zisizo na waya navyo vinateswa na jambo hilihilo. Mausi ikianza kugandaganda ukichomeka flashi pembeni yake, usikimbilie kununua betri.

mhariri_gulu

Nimeiweka mwisho wa meza kwa waya mrefu. Baa tatu. Kikulacho ki nguoni mwako.

jinja_nile

Kuna habari niliwahi kuisoma ya kijiji cha Aberhosan, Wales. Intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakufa kila saa moja asubuhi kwa miezi 18, mafundi wakabadilisha hadi nyaya. Mwishowe mwaka 2020 wakagundua ni TV kuukuu ya mtu mmoja, anaiwasha kila asubuhi. Kwa hiyo TV nazo ziingie kwenye orodha.

fundi_waya

Kisa ni cha kweli, ila kile hakikuwa cha Wi-Fi. Kijiji kile kilipata intaneti kwa nyaya za simu za shaba, na kelele ya TV iliingia kwenye nyaya. Ukiwa na faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga, kelele hiyo haina pa kuingilia.

Kama unataka kisa cha maikrowevu, kiko cha darubini ya redio ya Parkes, Australia. Kwa miaka wanasayansi walikuwa wanapata mlio wa ajabu, wakaupa hata jina, "peryton". Mwaka 2015 ikabainika ni watu wa hapohapo kituoni, wanaofungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza muda wake. Kama wale wenye darubini ya mita 64 walihangaika, wewe wa Kisaasi usijione mjinga.

jinja_nile

Haya, nimekubali. Swali langu lenyewe sasa. Nina kamera mbili za ulinzi zisizo na waya, za zamani, zinakuja na kipokezi chao cha kuchomeka kwenye TV. Wi-Fi ya upande wa geti haifai kabisa, mchana na usiku.

fundi_waya

Hizo ndizo mbaya kupita zote, na afadhali umezitaja. Kamera za analojia za 2.4 GHz, pamoja na vile vifaa vya kusikilizia mtoto vya kizamani, hazisikilizi kabla ya kusema na hazinyamazi. Maikrowevu inamaliza dakika mbili ikatulia. Kamera ya namna hiyo inarusha picha saa 24 kwenye kipande kilekile, na kila ruta iliyo karibu inangoja zamu isiyofika. Majirani zako nao wanaumia bila kujua.

Zichomoe kwa nusu saa upime. Ukiona tofauti, badilisha uweke za waya. Zile kamera mpya zinazojiunga na Wi-Fi yako zina adabu, zinangoja zamu, ingawa zikiwa nyingi zinakula kasi.

Simu za mezani zisizo na waya: zilizoandikwa DECT kwa kiwango cha Ulaya ziko 1880 hadi 1900 MHz, hazina neno. Zilizoletwa kutoka kwingine zikiwa zimeandikwa 2.4 GHz, hizo zitazame kwa jicho la pili.

nnyabo_kisaasi

Kama jirani ndiye mwenye kamera hizo, naweza kumshtaki kwa UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda?

fundi_waya

UCC ndio wasimamizi wa masafa, lakini masafa haya ni ya wote, yanatumika bila leseni na bila ahadi ya kulindwa dhidi ya mwenzako. Mpelekee chapati umweleze. Mimi nimefaulu hivyo mara nyingi kuliko kwa barua.

mzee_wa_mabati

Vijana mnazunguka. Nunueni ruta ya 5 GHz, mjadala umekwisha.

fundi_waya

Mzee wangu, shikamoo. Kwa robo tatu uko sahihi. 5 GHz ina nafasi kubwa zaidi, maikrowevu haifiki, Bluetooth haifiki, USB haisumbui. Mwenye fleti ya vyumba viwili na simu za kisasa, ahamie leo.

Robo iliyobaki ni hii. 5 GHz inachoka haraka kwenye kuta. Nyumba zetu za tofali za kuchoma na zege, ukuta wa pili tu imeshalegea. Vifaa vingi vya bei nafuu, plagi za kisasa, kamera, hata simu kadhaa, vinajua 2.4 peke yake. Kwa hiyo toa majina mawili tofauti kwenye ruta: TV, laptopu na simu za kazi ziingie 5, vidude vingine vibaki 2.4. Ukiacha jina moja, baadhi ya simu zitang'ang'ania 2.4 kwa kuwa inasikika kwa nguvu zaidi.

Na chaneli za 5 chagua 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 zinagawanwa na rada, ruta inalazimika kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikidhani imesikia rada inahama ghafla. Utasema imekatika tena.

mzee_wa_mabati

Marahaba. Na mabati je? Mimi jina langu unaliona.

fundi_waya

Mabati hayapigi kelele, yanazuia. Vivyo hivyo kioo kikubwa cha kujitazamia, tangi la maji, friji. Ukitaka kujua kama unazuiwa au unapigiwa kelele: ukizuiwa, ishara kwenye simu ni ndogo saa zote, tuseme -80 (namba ikikaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo kali). Ukipigiwa kelele, ishara inaweza kuwa nzuri, -50, na bado hakuna kinachokwenda.

Kuna kipimo kingine cha bure hapa Uganda. Umeme ukikatika mtaa mzima na ruta yako iko kwenye betri, angalia lile dirisha la kwanza la ping. Ruta za majirani zimekufa, maikrowevu zimekufa, kamera zimekufa. Kama sasa inasoma 2, 2, 3 bila kuyumba, basi ruta yako ni nzima na usidanganywe kununua yenye antena nane.

jinja_nile

Nimechomoa kamera. Upande wa geti umefufuka. Sasa nataka nivute waya kutoka nyumba kubwa hadi kwota za wafanyakazi nyuma, nisitegemee hewa. Ni kama mita 30.

fundi_waya

Waya wa mtandao wa shaba unafika mita 100 bila shida, lakini usiupitishe nje kati ya majengo mawili. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno. Radi ikipiga karibu, waya huo unaileta ndani, inaua ruta, TV na kila kilichoshikana nayo. Vuta kipande cha faiba kisicho na uzi wa chuma ndani, weka kigeuzi cha kubadilisha mwanga na umeme kila upande, kifukie kwenye bomba. Kioo hakipitishi umeme. Ruta ya pili ya kule kwota iwekee chaneli 1 kama ya nyumba kubwa iko 6, na uishushe nguvu hadi ienee palepale tu.